Mbegu za Tarehe Ishirini na Moja

Kalacha, Marsabit
Jumamosi, 8 Machi 2025

Mama Tony,

Nakuandikia nikiwa nimekalia debe la maji na karatasi iko juu ya goti, kwa hivyo ukiona mwandiko unayumba usiseme nimelewa. Huku simu ni ya kutazama saa tu. Mtandao uliisha tulipotoka Marsabit mjini. Maroa, dereva wa lori letu la maji na chakula, ndiye posta. Kila siku tatu au nne anakwenda mjini, anaacha barua zetu kwenye ofisi ya mabasi na kuchukua zinazokuja. Ni Mkuria wa Kehancha. Amesema nikusalimie kwa lugha yenu, lakini nikijaribu kuiandika utanicheka vile ninavyokucheka ukiandika Kijaluo. Tubaki na hiki Kiswahili kilichotuozesha.

Daktari Nyasuguta na wenzake watatu wako salama. Daktari ni yule mstaafu wa Kisii niliyekuwa nikimpeleka na mashua kuangalia ndege huko Mbita. Watu walicheka aliponichukua mimi, mtu wa ziwa, nije kuwa kiongozi wake jangwani. Sasa hawacheki. Tunalala kwenye mahema, tunaamka gizani, tunaendesha gari hadi jua likatae, tunapumzika, tunaanza tena. Tumeona volkeno zilizokufa na ngamia wengi hata hesabu ikanishinda. Chalbi ni nyeupe na tambarare kabisa. Ukisimama katikati huoni mahali pa kuegemeza jicho.

Kuna ndege anaitwa firigogo. Kila asubuhi wanakuja kwenye chemchemi kwa mamia. Dume anaingia majini, analowesha manyoya ya kifuani, kisha anaruka kilomita nyingi kuwapelekea watoto wake maji hayo. Nimeandika yote daftarini: jina, mahali, saa, tarehe. Daktari anasema ndege akiandikwa tarehe isiyo yake huo ni uongo, na bora ukurasa ubaki mtupu.

Keshokutwa tunahamia Dida Galgalu, kwenye mawe meusi. Tunamtafuta ndege mwingine, kipozamataza fulani mdogo, mwekundu, asiyeishi popote duniani ila kwenye mawe ya namna hiyo. Daktari amemtafuta safari tatu akamkosa. Nitakuwa nyumbani tarehe ishirini na saba. Mwambie Tony nitamletea unyoya wa mbuni.

Wako,
Cephas


Sindo
Alhamisi, 13 Machi 2025

Baba Tony,

Barua imefika jana. Tony ameisikiliza mara tatu, na sasa amelowesha shati bombani akakimbia nalo hadi kwa nyanya yake. Anasema yeye ni firigogo. Nimemchapa kidogo kwa ajili ya shati. Lakini nawe uliona habari hiyo ukaiandika kwa mkono wako: hata huyo ndege anarudi kwake.

Mvua imeanza. Si ile ya kutania vumbi, ni mvua kweli. Mama amepanda jana. Unajua taratibu za dala, boma lenu hili, kuliko mimi. Baba akiwa hayupo duniani, Mama anatangulia. Baada yake ni nyumba ya kifungua mimba, yaani wewe, halafu Oliver, halafu wale wadogo. Na mbegu yetu haigusi udongo kabla wewe hujalala nyumbani. Miaka minane nimeolewa hapa sijauliza kwa nini. Hata kwetu Isebania kuna miiko, na mtu haulizi mwiko umri wake.

Taabu ni kwamba nyumba nne zimekaa na mbegu kwenye magunia zikikutazama wewe. Millicent wa Oliver amekuja jikoni kwangu asubuhi, hata kuketi hakuketi. "Sasa mvua ikiisha tutakula nini, mawe? Huyo bwana yako akuje apande, na sisi tupande. Ama ndege ndio bibi yake?" Nikamwambia shemeji yake yuko kazini. Akasema Oliver pia ako na kazi na analala kwake. Nimekutetea mpaka koo limekauka.

Tarehe ishirini na saba ni mbali. Jitahidi ufike ishirini. Lala usiku mmoja, tupande asubuhi, urudi kwa wageni wako ukitaka. Nimeuliza watu wa mabasi: ukitoka kambini siku moja, siku ya tatu jioni uko Sindo. Daktari ni Mkisii, anajua shamba halingoji. Mwombe.

Mimi hapa ni nyar Kuria, binti wa Kuria, mgeni bado. Mambo yakiharibika watajua wa kumtazama.

Wako,
Bhoke


Dida Galgalu
Alhamisi, 20 Machi 2025

Mama Tony,

Barua yako niliipata jioni ya tarehe kumi na saba, na ilinipasa nikujibu mapema. Nisamehe. Sitaweza kufika kama ulivyoomba. Gari la kutoka hapa halikupatikana, na wageni wameongeza wiki moja kwa sababu kipozamataza hajaonekana. Kazi ni kazi. Mwambie Millicent avumilie kidogo, mvua ya masika haikimbii.

Leo nimekaa juu ya jiwe tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne, kimya, darubini mkononi. Mawe haya ni meusi na yamejaa hadi upeo wa macho. Ukiangalia dakika kumi unasema hakuna uhai. Ukiangalia saa nzima unaanza kuona. Mjusi huyu hapa. Kule kuna tandawala anayetembea polepole kama mzee wa kanisa. Leo saa mbili na robo nimesikia sauti nisiyoijua, mluzi mfupi mara tatu, upande wa mashariki. Nimeifuata kwa magoti, na suruali imepasuka. Sijamwona, lakini yuko. Najua yuko, Mama Tony. Kesho nitarudi kwenye jiwe lile lile.

Nimeweka ndani picha moja ya kumpa Mama. Daktari alinipiga nikiwa na ngamia, mjini walikopita wakaisafisha. Mpe, acheke.

Wako,
Cephas


Sindo
Jumamosi, 22 Machi 2025

Baba Tony,

Kaa chini kabla hujasoma.

Nimepanda. Jana, tarehe ishirini na moja, asubuhi, nikiwa peke yangu na jembe langu. Nilikungoja Jumatano, nikakungoja Alhamisi mpaka basi la mwisho. Sikupata barua wala mtu. Millicent alikuwa ameanza kulia, si kwa hasira tena, kulia kweli. Alisema mwaka jana walichelewa wakavuna magunzi. Nikaona, ikiwa mlango ni mmoja na ufunguo uko Marsabit, nitauvunja mimi.

Nilimwambia Mama kwamba ulifika Alhamisi jioni giza limeshaingia, ukalala, ukaondoka na pikipiki kabla ya jogoo ili uwahi kivuko cha Mbita. Alishangaa hukuingia kumsalimu. Nikasema ulichoka sana, uliona haya kumwamsha. Akanitazama, kisha akasema, "Ni sawa, mwanangu. Kazi ya watu." Saa nne Oliver na Millicent walikuwa shambani wakiimba, na hadi jioni dala zima lilikuwa limepanda.

Najua ni kwer, mwiko wenu. Najua pia kwamba mwiko ukivunjwa humu ndani watoto huugua, na kwamba ugonjwa huo mnauita chira. Nimejipa moyo kwamba kama kuna adhabu inajua mlango wangu, haitaingia kwa Millicent. Nakuomba kitu kimoja tu. Ukifika, usinikane. Sema ulikuja.

Mahindi yetu ni mistari kumi na sita. Nilipanda moja kwa moja bila kuinua kichwa.

Wako,
Bhoke


Dida Galgalu
Jumatano, 26 Machi 2025

Bhoke,

Barua yako imenifikia leo, nimeisoma nikaikunja, nikaisoma tena. Umefanya nini?

Si kupanda kunakoniuma. Kupanda kuna dawa yake na wazee wanaijua. Ni hii habari ya kusema nilikuja. Umeniweka mahali sikuwapo, umemdanganya mama yangu machoni, na sasa unataka nami nidanganye. Mimi hata ndege simwandiki tarehe isiyo yake, nitamwambiaje mama yangu uongo? Njia ya mwongo ni fupi. Ungengoja siku mbili tatu barua yangu ikufikie, ungejua la kufanya.

Nitakapofika tutaenda kwa Mama pamoja, utasema ukweli, nami nitakusaidia. Huku nako mvua imenyesha, na barabara ya chini ni tope. Magari mawili yamezama. Sijui ni lini tutatoka.

Cephas


Sindo
Jumatano, 26 Machi 2025

Baba Tony,

Barua yako ya tarehe ishirini ilifika jana, lakini si mikononi mwangu. Oliver alikuwa Sindo sokoni kupeleka omena, akapewa na watu wa mabasi. Ilinyeshewa njiani, bahasha ikafunguka yenyewe. Akaona picha ya Mama na, kwa furaha yake ya kitoto, akampelekea na kumsomea barua yote kwa sauti, akidhani ni salamu tu. Mimi nilikuwa pale pale nachuja uji. "Dida Galgalu, Alhamisi, ishirini Machi. Leo nimekaa juu ya jiwe tangu saa kumi na moja alfajiri." Alisoma hadi mwisho, maana hakuelewa. Mama ndiye aliyeelewa. Aliweka picha mezani uso chini.

Hakunipigia kelele. Ningeomba angepiga. Alisema tu, "Bhoke, watoto wangu wote wamepanda nyuma yako."

Usiku ule ule Rael wa Millicent akapata homa. Wamempeleka zahanati, wakasema ni malaria, amepewa dawa. Lakini Millicent hasikii neno malaria. Amesimama mlangoni pangu mbele ya Tony akasema, "Mtoto wangu akikufa, nyar Kuria, utaenda kwenu ukitembea kwa magoti." Angekuwa Tony, mimi ningesema zaidi.

Baba mdogo amekuja kutoka Mbita. Wanakaa Jumamosi ya tarehe tano Aprili, nyumbani kwa Mama, watu wazima wote. Wengine wanataka nirudishwe Isebania mpaka dala lisafishwe. Ukiachia mwanamke arudishwe hivyo, hata akirejea anarejea kama mtu aliyeazimwa. Na Tony hawataniacha niende naye, huyo ni mtoto wa dala.

Andika, Baba Tony. Andika kwamba ulichanganya tarehe, kwamba ile ilikuwa barua ya kumi na nane, kisha ukabadili nia ukaja. Jangwani siku zinafanana, nani atakupinga? Mstari mmoja tu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini barua inaweza kumrudisha mtu nyumbani kwake.

Wako,
Bhoke


Dida Galgalu
Jumapili, 30 Machi 2025

Mama Tony,

Barua hii Maroa ataibeba kwa miguu hadi barabara ya lami, kama alivyoileta yako jana. Nimemsihi. Isomwe Jumamosi mbele ya Mama, mbele ya baba mdogo, mbele ya Oliver na Millicent. Asome Oliver, kwa sauti.

Mama yangu na watu wetu wote. Mimi Cephas sikuja nyumbani tarehe ishirini Machi. Tarehe ya barua ni sahihi. Mke wangu alipanda akiwa peke yake, na akasema uongo. Hayo mnayajua. Yafuatayo hamyajui, hata yeye hayajui.

Jioni ya tarehe kumi na saba nilipata barua ya Bhoke ikiniita nyumbani. Nilimwonyesha Daktari Nyasuguta. Aliisoma, akavua miwani, akasema, "Cephas, nenda ukapande. Sisi tutajitazamia ndege wenyewe." Asubuhi ya kumi na nane lori la Maroa lilikuwa linaondoka. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Maroa aliniwekea begi langu ndani kwa mkono wake. Ningefika Sindo Alhamisi tarehe ishirini, jioni.

Nililitoa begi. Wageni hawakuongeza siku. Nilimwambia Daktari kwamba nyumbani wamesema si lazima. Nilimwandikia mke wangu kwamba gari halikupatikana. Nilibaki kwa sababu ya ndege, si wa Daktari, wangu mwenyewe. Toka utotoni nimeonyesha watu ndege waliotaka kuwaona wao, nikashika mashua isiyumbe ili wapige picha. Huyu nilitaka kumwona mimi, na nilijua nikiondoka sitarudi tena huku maishani.

Nilimwona tarehe ishirini na moja, saa tatu kasorobo asubuhi. Alipanda hewani akiimba, akatua kwenye jiwe hatua kumi kutoka kwangu, mwekundu kifuani. Nililia. Sikumwita mtu. Baadaye nimehesabu, ni saa ile ile mke wangu alikuwa anapanda.

Baba mdogo, kwer imevunjwa na mwenye nyumba. Kama kuna manyasi ya kunywewa kuondoa chira, nitatangulia kuyanywa mimi. Bhoke asirudishwe. Millicent, nisamehe kwa ajili ya Rael.

Mama Tony, nilikuandikia ukali tarehe ishirini na sita. Nilijifanya mtu wa kweli. Futa barua ile.

Cephas


Sindo
Jumapili, 6 Aprili 2025

Cephas,

Barua yako ilifika Alhamisi, nikaishia pale ulipotaka asome Oliver, nikaikunja. Hii nami naandika kwa sababu utataka kujua, na Maroa ametuma neno kwamba mnatoka topeni wiki hii.

Oliver alisoma yote. Alipofika mahali pa begi alisimama, baba mdogo akamwambia, "Endelea, kijana, usitupunguzie." Alipomaliza, Millicent akaanza kucheka, cheko baya, akasema, "Ndege! Walahi, ndege!" Kisha akaja akaketi karibu nami, akanishika mkono, naye hajanishika mkono tangu nilipoolewa. Rael amepona. Amemaliza dawa na jana amekula ugali na mbuta akaomba tena.

Baba mdogo amesema kosa ni la mwenye nyumba. Manyasi yamechemshwa jana, watoto wamekunywa, mashamba yamenyunyiziwa. Hakuna kitakachong'olewa. Ukirudi utalala nyumbani, na asubuhi utapanda kona moja kwa mkono wako, ndipo itakuwa imekwisha. Mama amenikumbatia mbele ya wote. Hakuna anayetaja Isebania tena.

Kwa hivyo kazi uliyoipa barua ile imefanyika. Umeniokoa, na nakushukuru kutoka moyoni. Wengi wangeandika mstari mmoja wa uongo wakalala usingizi.

Lakini wao walitaka kujua nani alianza kupanda. Mimi nilitaka kujua mbona hukuja, na nilikuwa nimejijibu. Nilisema kazi imemshika, wageni ni watu wagumu, gari halipo. Majibu hayo niliyaweka kwa Millicent kila siku kama mtu anayeweka kuni. Kumbe kiti kilikuwepo na begi lilikuwa limeshapakiwa.

Sikumkasirikia ndege. Ungeniambia, "Bhoke, kuna kitu nataka kukiona kabla sijazeeka," ningekasirika siku moja, ya pili ningekwenda kwa Mama nimwombe atafute njia. Tungeshindwa pamoja. Hukuniambia. Uliona kitu kikakuliza machozi, na mimi nakuja kukisikia Jumamosi, kwa sauti ya Oliver, nimekaa kati ya watu.

Utakapofika nitafanya la kufanywa. Utalala nyumbani, utapanda kona yako, kwa sababu mahindi ya Millicent hayana kosa. Baada ya hapo naenda kwa mama yangu kwa muda, kwa miguu yangu, bila kufukuzwa na mtu. Mama yako nimemwambia, naye amekubali nimchukue Tony. Tutarudi shule zikifunguliwa. Yaliyobaki tutazungumza, sitaki kuyaandika.

Jambo moja sikukueleza. Nilipomdanganya Mama, aliniuliza maswali mengi, na mimi nikamjibu yote. Nikamwambia ulifika na vumbi hadi kwenye nyusi. Ulikula samaki wa jana bila kulalamika. Ulimtazama Tony akiwa amelala, ukasema umesafiri siku tatu na utasafiri tatu nyingine, na si kitu, ulitaka tu kuwa hapa. Niliyasema hayo bila kufikiri, yalikuja yenyewe, na nilipotoka kwa Mama nilikuwa natabasamu njia nzima.

Huyo aliyekuja tarehe ishirini ndiye mume ninayemjua. Nikikuona wewe ukishuka kwenye basi, sijui nitakuambia nini.

Bhoke